Picha Yako Ikienda Kwenye Kitenge



Mwezi huu sisemi habari za mbolea. Nataka tuzungumze habari za picha na nguo. Usicheke. Jambo hili limempata mama mmoja wa kijiji ninachokihudumia hapa Songea, na mimi nina sehemu ya lawama.

Picha za Tingatinga unazijua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu zake, nao wakaendelea. Leo picha za namna yake zinaonekana hata kwenye vitambaa na mifuko. Pamba sisi hatulimi. Mikoa ya kusini ilizuiwa kwa ajili ya funza mwekundu. Lakini picha ya kupamba nguo inaweza kutoka kwetu.

Picha huingiaje kwenye nguo? Njia moja ni ya fremu. Fremu hutandikwa kitambaa chembamba sana. Sehemu zisizotakiwa huzibwa. Rangi husukumwa kwa mpira, nayo hupita palipo wazi tu. Kila rangi ina fremu yake. Picha yenye rangi kumi inataka fremu kumi, na hiyo ni gharama. Kwa hiyo mchoraji hupunguza rangi, labda zibaki tatu au nne. Tena picha hurudiwa mara nyingi katika kitambaa. Mkia wa ndege ukikatwa upande wa kulia, lazima uendelee upande wa kushoto. Kazi hii inataka akili na subira.

Sasa nirudi kwa yule mama. Yeye huchora kanga. Nasema ndege, si nguo. Alianza kwenye ukuta wa nyumba yake kwa udongo mweupe na mwekundu, baadaye akachora kwenye karatasi. Siku moja alikuja mfanyabiashara na karatasi ya mapatano. Mama amesoma kisomo cha watu wazima, lakini maandishi yale yalikuwa madogo. Aliniomba nimsomee. Pikipiki yangu ilikuwa inanguruma, nina haraka ya kwenda shamba la mfano. Nilipitisha macho tu. Nikasema, "Weka sahihi, mama." Alilipwa shilingi elfu thelathini kwa picha sita.

Msimu uliofuata tulikutana sokoni Songea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye duka la vitenge. Kanga wake walikuwa wananing'inia pale, watatu watatu kwa safu, na jicho jekundu kama anavyolichora yeye.

Akaniuliza, "Bwana Shamba, ile karatasi ilisema nini?"

Tulikwenda kuisoma kwake, neno kwa neno. Ilisema ameuza picha "na haki zake zote". Kile kitenge alikinunua kwa fedha zake.

Ukimwuzia mtu debe la mahindi, hukumwuzia shamba. Na picha ni hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu anapoichora picha yake. Anayenunua picha ya kutundika ukutani hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye nguo. Ruhusa hiyo huombwa peke yake, na bei yake ni nyingine. Katika karatasi, tafuta mambo haya: atachapa picha ipi, vitambaa vingapi, kwa muda gani, na kwa kila kitambaa wewe unapata nini. Ukiona maneno "haki zote", weka kalamu chini kwanza. Ofisi ya hakimiliki ni COSOTA.

Mama bado anachora. Daftari lake liko sandukuni, na kila picha ina tarehe. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi mwingine. Mama alimwambia aiache karatasi, arudi baada ya wiki mbili. Tumekwisha kuisoma mara mbili, na pikipiki nimeizima. Kuna mstari mmoja hatujakubaliana nao.