Amani ya Wajir ilianzia sokoni, si kwenye turubai: kwa nini tuikumbuke kabla ya 2027

Uchaguzi ukikaribia Kenya, hasa kaskazini na Bonde la Ufa, picha huwa zilezile. Viti vya plastiki chini ya turubai, wazee mstari wa mbele, mheshimiwa amechelewa saa mbili. Azimio la amani linasomwa, linatiwa saini, watu wanapigwa picha na kupewa nauli. Haipiti muda, habari zinaanza kuingia kwenye simu: mifugo imeibwa, barabara imefungwa, kuna mtu amepigwa risasi.

Agosti 2027 Wakenya wanarudi debeni, kwa hiyo mikutano ya namna hii itakuwa mingi. Si kwamba yote ni bure. Ila ipo sababu mingine huzaa utulivu wa miaka, na mingine haivuki hata ukame mmoja. Anayetaka kuielewa aanzie Wajir, mwaka 1993.

Usiku chini ya kitanda

Wajir ya wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye hali ya hatari, iliyoondolewa mwishoni mwa 1991 baada ya karibu miaka 30. Jeraha la Wagalla, ambako Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa na kuuawa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege, lilikuwa bado bichi.

Kisha ukame ukaua mifugo. Somalia, hapo jirani tu, ikasambaratika na bunduki zikavuka mpaka. Juu ya hayo ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Ukoo wa Ajuran ukapoteza kiti cha Wajir Magharibi kwa Degodia, na ugomvi wa malisho na visima sasa ukapata kadi za wapiga kura ndani yake. Ukoo wa Ogaden nao ukaingia. Katika miaka hiyo michache watu zaidi ya 1,000 wanakadiriwa kuuawa.

Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mama kijana mjini hapo. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, usiku mmoja wa 1993 alijificha na bintiye chini ya kitanda huku risasi zikipita nje ya dirisha. Asubuhi akaambiwa kwamba hata yeye, akiwa na miaka miwili mwaka 1966 wakati wa vita vya Shifta, alifichwa chini ya kitanda vivyo hivyo. Yaani vizazi viwili, hofu ileile.

Maziwa hayasubiri mkutano

Wanawake wachache wa koo tofauti, ambao mazungumzo yao yalianzia kwenye sherehe ya harusi, waliamua kuanza na kitu kidogo: soko. Wakati huo soko la Wajir lilikuwa limegawanyika. Mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule, na ukikosea upande unaweza kutukanwa au kupigwa.

Hawakuanza kwa kuuliza nani alimuua nani. Hilo lingewavunja siku ya kwanza. Waliweka kanuni moja, kwamba sokoni mtu yeyote ananunua na kuuza bila kuulizwa ukoo. Kisha wakaweka waangalizi, wanawake wenzao, wa kutazama kama kanuni inafuatwa. Palipotokea ugomvi, waliufuatilia papo hapo.

Kwa nini ilishika? Kwa sababu muuza maziwa hana muda wa kungoja kikao cha mwezi ujao. Maziwa yakilala yameharibika. Mnunuzi naye ana watoto nyumbani. Kila siku ambayo soko lilifunguliwa bila vurugu, pande zote zilipata faida inayoonekana, inayopimwa kwa kikombe. Amani haikuwa hotuba, ilikuwa chakula cha jioni. Na anayevunja kanuni alijulikana kwa sura, siku ileile.

Linganisha na azimio la kurasa kumi lililofungiwa kwenye kabati la ofisi.

Ukoo mdogo ndio uliofungua mlango

Soko peke yake lisingetosha, maana bunduki zilikuwa mikononi mwa vijana na uamuzi ulikuwa kwa wazee. Wanawake wakaenda kwa wazee, na hapa walicheza kwa akili. Badala ya kutegemea ukoo mkubwa wowote uite wengine, waliomshawishi kusimama mbele alikuwa mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuwa na nguvu ya kumtisha mtu wala kiti cha kugombania.

Ni jambo linalosahaulika sana. Mara nyingi upatanishi hukabidhiwa mwenye cheo kikubwa, na mwenye cheo kikubwa karibu kila mara ana upande. Wazee wa Wajir walikutana, na mwezi Septemba 1993 wakafikia makubaliano yanayoitwa Azimio la Al-Fatah: kuacha mashambulizi, kurudisha mifugo, kushughulikia wahalifu.

Baada ya hapo kazi iliendelea. Vijana wakaunda kundi lao. Wafanyabiashara, viongozi wa dini na maafisa wa serikali wakavutwa ndani. Kikaundwa kikosi cha kwenda haraka panapotokea tukio, chenye wazee, wanawake, mashehe na watu wa usalama katika gari moja. Machifu waliofanya vizuri wakatuzwa hadharani, jambo ambalo huenda lilifanya kazi kuliko barua kumi za onyo. Mwaka 1995 yote haya yakaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya mfumo wa wilaya, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti.

Angalia mpangilio: serikali iliingia mwishoni. Ilikuta kitu kinachotembea, ikakipa muhuri na mafuta ya gari.

Kilichopotea njiani

Wajir ikawa mfano. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na mkataba wa kitaifa wa 2008, kamati za amani zilisambazwa wilaya nyingi za Kenya. Wazo zuri kabisa. Lakini nakala nyingi ziligeuza mpangilio kichwa chini: kamati iliundwa kwanza, kwa waraka kutoka juu, halafu watu wakatafutwa wa kuijaza.

Kamati ikizaliwa hivyo, kiti chenyewe kinakuwa mali ya kugombania. Nani mwenyekiti, ukoo gani una wajumbe wangapi, posho ni kiasi gani. Ni siasa ndogo juu ya siasa kubwa. Muuza maziwa hayumo, maana siku ya kikao yuko sokoni.

Halafu ikaja mwaka 2013 ugatuzi na kaunti zenye bajeti ya mabilioni. Zamani koo ziligombania kiti cha ubunge na kisima. Sasa kuna gavana, seneta, wawakilishi wa wadi, zabuni na ajira. Wazee walewale waliokuwa wapatanishi wakaanza kugawa vyeti kabla ya kura, ule utaratibu unaoitwa demokrasia ya maridhiano. Unaweza kuzuia damu, hilo si dogo. Lakini mzee aliyechagua mgombea hawezi kesho kukaa katikati kama mwamuzi. Mandera, kuelekea uchaguzi wa 2017, baraza la wazee wa Garre liliwataka viongozi waliokuwa madarakani wapishe wengine. Gavana Ali Roba akakataa, akagombea na akashinda. Baada ya hapo nani angeendelea kuchukulia neno la wazee kama la mwisho?

Kuna na suala la haki, ambalo wapenzi wa mila hupenda kulipita haraka. Azimio la Modogashe la 2001, lililozihusu jamii za wafugaji kaskazini, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanaume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaruhusu njia za jadi za kutatua migogoro, mradi tu zisivunje Sheria ya Haki. Nusu ya mwanaume inapitaje hapo? Haipiti. Wanaoitetea husema mahakama iko mbali, mashahidi hawaji, na bila fidia kisasi kinaanza usiku huohuo. Wana hoja. Lakini ni uchungu kwamba amani iliyoanzishwa na wanawake inahesabu maisha yao kwa nusu bei.

Tana: malka iko wazi?

Teremka hadi delta ya mto Tana, pwani, uone upande wa pili. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yaliua watu zaidi ya 100. Shambulio la Riketa peke yake, mwezi Agosti, liliua zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa mlangoni.

Viongozi walihubiri umoja, lakini ugomvi wa kila msimu una jina mahususi: malka, njia za mifugo kufika mtoni. Mkulima akilima hadi ukingoni, malka imefungwa. Mfugaji akipitisha ng'ombe, shamba limekwisha. Hakuna hotuba inayopita katikati ya hapo. Kinachopita ni watu wa vijiji viwili kutembea pamoja, kuonyesha njia inaanzia wapi na kuishia wapi, kukubaliana inafunguliwa miezi ipi na nani analipa mahindi yakiliwa.

Hiyo ndiyo soko la Tana. Kila eneo lina lake: kisima, daraja, mnada wa mifugo, shule inayotumiwa na pande mbili.

Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani. Wengi wanaomtaja mikutanoni humtaja kama shujaa, mara chache kama mtu aliyeweka waangalizi sokoni.

Kwa hiyo kabla ya 2027, ukiona kamati ya amani inazinduliwa kwenu, usihesabu saini. Uliza mambo ya kawaida tu. Ng'ombe akiingia shambani saa nane usiku, anapigiwa nani simu? Huyo anayepigiwa, pande zote mbili zinapokea simu yake? Na gari lina mafuta?