Asiyesoma Haraka Si Mjinga



Wakati wa likizo, nikisaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza huku Kidatu, nilimpa mtoto mmoja kitabu asome mbele ya wenzake. Alihangaika na mstari mmoja, wenzake wakacheka. Jumapili iliyofuata hakuja. Baadaye niligundua kwamba mifano ya Yesu anaijua vizuri, kwa kusikia tu. Kosa lilikuwa langu.

Sina utaalamu wa kusema kama mtoto yule ana disleksia. Ila najua disleksia si uvivu wala upungufu wa akili. Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake. Kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, mwenye hali hii anaweza kusoma bila makosa mengi lakini polepole mno, nasi tukadhani hajitahidi. Akifika sekondari na kukutana na Kiingereza, ambacho tahajia na matamshi yake haviendani, mzigo unaongezeka.

Simu zetu zinaweza kusaidia. Simujanja nyingi husoma maandishi kwa sauti na kukuza herufi. Hata simu ya kawaida yenye kinasa sauti inatosha: katekista arekodi somo, mtoto asikilize nyumbani huku akifuatisha mistari kwa kidole. Kurekodi hakuhitaji bando.

Wapo wanaosema simu itamlemaza mtoto. Hofu hiyo ni ya kale. Katika Phaidro ya Plato, Sokrate anahofia kwamba maandishi yenyewe yatadhoofisha kumbukumbu. Leo hakuna anayetaka tutupe vitabu. Wala hatumnyang'anyi mzee miwani ili ajitahidi kuona. Ni kweli, simu isichukue nafasi ya mwalimu. Mtoto bado anahitaji kufundishwa herufi kwa subira.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alitaabika sana na Kilatini, karibu akose upadre. Padre Balley alimfundisha kwa uvumilivu na kumtetea.

Makatekista na wazazi, tusimlazimishe mtu kusoma hadharani, na maswali ya mafundisho yajibiwe kwa mdomo. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani huja kwa kusikia.

Nilikwenda nyumbani kwa mtoto yule kuomba radhi, nikamwachia mama yake rekodi. Darasani hajarudi bado, lakini anasikiliza. Nitarudi tena.