Reli mpya ya Kampala isiipite stesheni ya zamani

Mwaka 1931 reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kampala baada ya kuvuka Mto Nile pale Jinja. Stesheni yake bado iko katikati ya mji, si mbali na maduka ya Kikuubo.

Sasa inakuja reli nyingine. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya 1,435. Behewa la moja halipiti juu ya nyingine. Kwa hiyo swali ni moja: zitakutana wapi?

Majirani wamekwisha kujibu. Nairobi iliweka stesheni yake ya SGR Syokimau, nje ya mji. Abiria kutoka Mombasa akishuka hapo hutafuta treni ya reli ya zamani au matatu. Dar es Salaam ilijenga yake mjini, jirani na ile ya zamani. Safari zilipoanza 2024, abiria alishuka akiwa amefika.

Wapo wanaosema reli ya zamani imechoka, iachwe ife. Wanaisahau Port Bell, ambako mabehewa yake hupakiwa melini kwenda Mwanza, kisha reli ya Tanzania huyafikisha Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za uchaguzi nchini Kenya zilipofika hadi kung'oa reli Kibera, mafuta yaliadimika Uganda. Nchi isiyo na bahari haiwezi kujifungia mlango wa pili kwa mikono yake.

Ni kweli, kupitisha njia mpya katikati ya Kampala ni ghali. Fidia ya ardhi pekee ni mzigo. Ikishindikana, basi treni za abiria za reli ya zamani, zilizoanza kwenda Namanve mwaka 2015, zifike kwenye stesheni ya SGR, kwa tiketi moja na ratiba moja.

Hilo liamuliwe sasa, michoro ikiwa bado inabadilika. Ardhi ya stesheni ikishageuzwa kuwa maduka, hairudi tena.