Kimya Kilichofungiwa Kabatini

Wapo wakusanyaji wanaoihesabu Rififi, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1955, kuwa johari. Na johari kweli ni. Kosa lao ni kuifanya ya kuwekwa. Huwinda mikanda yake, mabango yake ya zamani, hata makasha ya diski zake. Na anayevipata hujiita mjuzi, ingawa hajamwonyesha jirani hata mara moja.

Na filamu gani hiyo! Jules Dassin, Mmarekani aliyefungiwa milango ya kazi Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, aliwapa wezi wake wanne kiasi cha nusu saa ya kuvunja duka la vito mjini Paris, bila ya neno wala muziki. Wanatoboa sakafu ya nyumba iliyo juu ya duka, wanapenyeza mwavuli tunduni na kuufungua, nao unapokea vifusi visije vikaanguka kwa kishindo na kuiamsha kengele. Georges Auric alikwisha kuitungia muziki sehemu hiyo. Alipoitazama bila muziki, akakubali uondolewe. Mshairi aliyewahi kufuta ubeti wake mzuri atamwelewa.

Kimya hicho hakihitaji mkalimani. Mkulima wa Runazi, huko Biharamulo, mwenye Kihangaza au Kishubi chake, na mvuvi wa Unguja asiyejua Kifaransa hata salamu, wangezuia pumzi pamoja mwavuli ule unapofunguka. Badala yake kimya kilichotungwa kwa ajili ya umati kinamtumbuiza mtu mmoja chumbani mwake. Mwaka huohuo wa 1955 Unguja ilipata jumba la Majestic, mahali pa Royal ya mwaka 1921 iliyoungua. Halikujengwa kwa mtazamaji mmoja.

Watetezi watauliza: bila ya wakusanyaji, Muyaka bin Haji angekuwa wapi? Hoja nzito. Mwalimu Sikujua na William Taylor waliyaokoa mashairi yake kwa kuyakusanya. Lakini mwaka 1940 diwani ilichapwa, na watu wakaghani. Wangeyafungia sandukuni kwa fahari ya kuwa nayo, Mombasa ingenufaika nini?

Wenye Rififi wana mashine za kuonyeshea, na shuka nyeupe si adimu Ng'ambo wala Runazi. Wanangoja nini?