Betri Ya Kutoa Irudi

Juzi nilikuwa naongea kwa simu na mteja aliyetaka kunipa kazi ya kuandika. Simu ikazima. Kufika penye stima, kazi ishaenda kwa mwingine.

Wakati wa kabambe ulikuwa unafungua kifuniko, unatoa betri, unatia nyingine, unawasha. Leo betri imegandishwa kwa gundi. Ukitaka kuibadilisha, fundi wa Luthuli lazima apashe simu moto kwanza.

Na tusidanganyane eti haiwezekani. Vifaa vya Zebra vya kuskani mizigo kwa maghala, vingine unabadilisha betri na havizimi. Akiba ndogo ya umeme ndani inavishikilia kwa muda mfupi. Hapa Nairobi, jamaa wa boda ya umeme anaacha betri tupu kwa stesheni, anapewa iliyojaa, anasonga.

Utasema tuna pawabanki. Sawa, lakini betri ikizeeka, pawabanki haiiponyi. Sisi wa kazi za mtandaoni, simu ndiyo ofisi. Ukienda dukani, kabla ya kuuliza kamera, uliza: betri ya hii naitoaje? Tukiuliza wengi, wanaoziunda watasikia.