TAARIFA YA TAWI: KIJANA AKIKATALIWA JESHINI, APEWE SABABU KWA MAANDISHI

Ndugu wanachama,



Kila tangazo la KDF la kusajili makurutu linapotoka, simu zetu hazipoi. Wengi hawaulizi kuhusu mbio wala vyeti. Wanauliza, "Katibu, kuna mtu unamjua?" Leo tunawajibu wote kwa pamoja: hatumjui mtu, na hatutaki kumjua. Usajili ni bure.

Mwaka jana mwana wa mwenzetu alifika uwanjani alfajiri bila kulala, akiwa amekunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Mbio alimaliza vizuri. Alitolewa kwenye vipimo vya afya, na nyumbani alirudi na neno moja tu: presha. Jioni hiyo dalali alipiga simu akadai presha hiyo "inaweza kushuka" kwa shilingi 300,000. Ng'ombe waliuzwa. Barua haikuja, na nambari ya dalali haipatikani tena. Baadaye zahanati ilimpima siku tatu tofauti. Presha yake ilikuwa sawa zote tatu.

Tuelewane. Hatuombi vipimo vilegezwe. Mazoezi ya jeshi ni magumu, na mwenye moyo mbovu au pumu anaweza kufa akiwa mafunzoni. Daktari anayemrudisha nyumbani huenda amemwokoa. Masharti mengine yako wazi: kimo kisipungue futi 5 na inchi 3, na uzani uwe na kiwango chake. Hayo kila mtu anaweza kujipima mwenyewe.

Shida iko kwa yale ambayo kijana hawezi kuyaona: presha, macho, masikio, mkojo, nyayo bapa. Presha ya 140/90 kwenda juu ni ya kutiliwa shaka, lakini hupanda kwa hofu, uchovu na kukosa usingizi. Ndiyo maana hospitalini hupimwa zaidi ya mara moja kabla mtu hajaambiwa ana ugonjwa.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunajua jambo moja: pasipo na risiti, mwizi hujiandikia yake. Kijana asiyejua alianguka wapi humwamini yeyote anayedai anajua.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kila anayekataliwa kwa sababu ya afya apewe karatasi yenye mambo matatu. Kilichopimwa, kilichoonekana, na kama kinatibika ili ajaribu tena. Apewe yeye mwenyewe, si kutangaziwa mbele ya umati, kwa kuwa Katiba inalinda faragha katika kifungu cha 31. Kifungu cha 47 nacho kinazungumzia haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Wapo watakaosema vijana ni wengi na siku ni moja. Fomu ya kutia alama haichukui hata dakika. Tusisahau Oktoba 2014, Mahakama Kuu ilipofuta usajili wa makurutu wa polisi wapatao 10,000 kwa sababu ya dosari. Hata waliofuzu kwa jasho lao waliumia. Rekodi safi humlinda aliyekataliwa, aliyechukuliwa na daktari pia.

*Tumeamua hivi:*

1. Tutamwandikia mbunge wetu alifikishe jambo hili kwa kamati ya Bunge ya ulinzi.
2. Kabla ya usajili ujao, vijana wapimwe presha, macho na meno mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo walale, na wasiguse vinywaji vya kuongeza nguvu.
3. Afisa yeyote wa tawi atakayepokea pesa kwa jina la jeshi tutampeleka polisi, hata akiwa mwenyekiti au katibu.

Mzazi, usiuze ng'ombe. Ukipigiwa simu, hifadhi nambari na uje nayo afisini.

Tafadhali wasomee wasio na simu.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya kamati