Funga Kifuniko, Wacha Kutuonyesha Moto

Wasee, leo nitakanyaga watu vidole, na kidole cha kwanza ni changu mwenyewe.

Kuna huu mtindo umeshika mtaani wa kupika nyama ndani ya dramu. Sisemi choma ya kawaida. Nasema pipa la lita 200, fundi wa jua kali anakutobolea matundu matatu chini, anachomelea bomba la moshi juu, anakutengenezea kikapu cha makaa na wavu wa nyama. Ni kitu kizuri sana. Hata mimi ninayo, iko uani kwa mama, na ndiyo imenilipia bando tangu niache chuo mwaka wa pili.

Shida ni video zake. Zote ni moja. Msee amevaa glavu nyeusi, anafungua kifuniko, moshi mweupe unatoka fwaa, anageuza nyama, anamwaga makaa mapya, anafunga. Baada ya dakika kumi anafungua tena. Watu wanashangilia, wanauliza dramu inauzwa pesa ngapi.

Mimi nasema hivi: ukifungua kifuniko kila dakika kumi, hupiki. Unachoma pesa, unaharibu nyama, na unafunza watoto wa wenyewe ujinga.

Najua kwa sababu nilikuwa huyo msee.

Mwaka jana darasa langu la zamani lilihitimu. Rafiki yangu mmoja akanipa kazi ya sherehe ya kwao: kidari cha ng'ombe, kilo sita, akalipa nusu mapema. Sitadanganya, kazi hiyo ilikuwa zaidi ya pesa. Pale wangekuwa watu niliokaa nao darasani, na wazazi wao wanaojua niliacha. Nilitaka wale ile nyama waseme, kumbe huyu kijana hakupotea.

Nilianza saa kumi na moja asubuhi, wageni wakitarajiwa saa nane mchana. Kila nusu saa nafungua nipige video. Joto linashuka, namwaga makaa. Makaa yakishika, joto linapaa hadi nyuzi 180 za Selsiasi. Nashtuka, nafungua kifuniko eti lipoe. Hapo ndipo nilikuwa nazidi kujichimbia. Ukifungua, joto linatoka kweli, lakini hewa inaingia, na hewa ndiyo chakula cha makaa. Unapofunga, moto umeshiba na unakuja na nguvu kuliko mwanzo.

Kufika saa nane kidari kilikuwa cheusi nje kama soli, na ndani kinavutana kama mpira. Watu walikula wali na kachumbari, halafu mtu akatumwa kibandani kununua kuku. Shangazi yake rafiki yangu, mama mmoja aliyesafiri kutoka Kitui, akaangalia yale madebe matatu matupu kando ya dramu, akaniuliza polepole, "Mwanangu, makaa yote haya, na nyama bado?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha pesa. Video ilienda vizuri sana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa sikieni. Moto wa dramu hauongozwi na makaa, unaongozwa na hewa. Makaa ni akiba tu. Ukitaka kukaa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa nane au tisa, kazi yako ni kuipimia hewa: bomba la juu liache wazi, ucheze na matundu ya chini. Na usingoje ufike 120 ndio ufunge. Ukigonga 90, anza kubana tundu moja. Moto unasikia amri kwa kuchelewa, kwa hivyo ukigusa tundu, ngoja dakika kumi na tano au ishirini kabla ya kugusa tena. Kupandisha joto ni rahisi. Kulishusha likishapita ndiyo vita.

Na usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Shosho wako anajua. Jiko letu la makaa, lile la bati lenye udongo ndani, lina kamlango chini. Unafikiri kale kamlango ni ka kutolea majivu peke yake? Githeri ikishachemka, shosho anakafunga, anafunika makaa na majivu kidogo, anaenda kupalilia. Akirudi jioni githeri imeiva na makaa bado yapo. Hakuwa anafunua sufuria kila dakika kumi aone kama mahindi yamefurahi.

Huko Marekani kuna njia inaitwa ya Minion, kwa jina la Jim Minion aliyeipatia umaarufu kwenye mashindano. Unajaza kikapu makaa ambayo hayajawashwa, halafu unaweka vipande vichache vinavyowaka juu yake. Moto unatembea wenyewe polepole, kipande hadi kipande, na huna haja ya kufungua uongeze. Ukiiangalia vizuri, ni akili ileile ya shosho: makaa mengi, hewa kidogo, mikono mbali.

Makaa yetu yanataka heshima kidogo pia. Ya mgunga ni mazuri, lakini vipande havilingani: kimoja kama ngumi, kingine kama njugu. Panga vikubwa chini, vidogo ujaze nafasi. Lile vumbi la chini ya gunia usilimwage ndani, litaziba hewa na utashangaa moto unazima. Washia makaa kwenye mkebe uliotobolewa, kwa karatasi, si parafini, kwa sababu parafini utaila. Na usiweke nyama wakati moshi ni mweupe na mzito. Huo ndio ule mzuri kwa kamera na mchungu mdomoni. Ngoja uwe mwembamba, karibu usiuone.

Kuna watakaosema, "Mchomaji wa bucha hana thamometa na nyama yake ni tamu." Ni kweli, na ninamheshimu. Lakini mchomaji anachoma mbavu za mbuzi juu ya moto wazi, amesimama hapohapo, na kazi inaisha haraka. Kidari kinakaa ndani ya pipa lililofungwa siku nzima. Macho yako hayaoni ndani ya bati. Thamometa mbili, moja ya dramu na moja ya nyama, ni bei rahisi kuliko kilo sita za kidari. Nimelipa hiyo ada, naijua.

Halafu kuna ile saa ambayo nyama inagoma. Ikifika kama nyuzi 65 hadi 75 ndani, joto linasimama, linaweza kusimama masaa. Jasho la nyama linakauka na linaipoza, kama wewe ukitoka kuoga upepo ukipiga. Hapa ndipo wengi wanaingiwa na hofu na kumwaga debe zima la makaa. Usifanye hivyo. Ifunge nyama kwa foili au karatasi ya kaki isiyo na nailoni, uirudishe, ukae chini.

Na usikopi namba za Texas bila kufikiria. Wanasema toa kidari kikifika nyuzi 95 ndani. Nairobi iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka karibu nyuzi 94. Ukingojea 95 hapa, unangojea maji yaishe ndani ya nyama. Kuanzia 88 hivi anza kudunga. Chuma kikiingia kama kwenye parachichi lililoiva, toa.

Lakini sababu kubwa ya kuandika haya ni lile swali la yule mama wa Kitui. Yeye anatoka mahali makaa yanatoka. Januari 2018 kaunti yao ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii nchi nzima. Hiyo ya nchi nzima, Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. Unaweza kubishana na hizo sheria mpaka kesho. Huwezi kubisha kwamba kila debe lilikuwa mti, na mgunga haukui kwa muda wa video. Kuna mama mtaani kwenu anayepima makaa ya mkebe mmoja apikie watoto chajio, na wewe umemwaga madebe matatu upate moshi wa sekunde nane.

Siku hizi kidari cha kilo sita kinanitoa debe moja. Nikimaliza naziba matundu yote na bomba, moto unakosa hewa unakufa, na kesho yake napata makaa yaliyobaki ya kuanzia. Dramu inakaa nje, hata mvua ikinyesha. Ile hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na inaua watu waliolala ndani ya nyumba na jiko.

Nimefuta ile video ya mahafali. Ilikuwa ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi, na nimekubali hasara, kwa sababu kuna vijana walikuwa wananiandikia wananiambia wamefanya kama mimi na nyama imeungua. Kama na wewe una video ya aina hiyo, fanya hivyo pia, ama angalau uwaambie watu ukweli: ile nyama mliyoniona nikikata mwishoni, nani aliila?

Mwezi uliopita yule rafiki yangu alinipigia. Dadake mdogo ana ruracio Agosti, na wanataka kidari. Nimemwambia sawa, lakini sipigi video mpaka watu washibe.